Muhula mmoja Bayreuth: mambo ambayo hakuna aliyeniambia kabla sijapanda ndege

Kijana wa Changanyikeni

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Kila mwaka ikifika miezi hii naona nyuzi za "nimepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi Ulaya, nifanyeje?" Majibu huwa mawili tu: "hongera mkuu usitusahau" na "beba koti". Koti ni kweli, beba. Lakini sijaona mtu aliyezoea mahali kwa sababu ya koti. Kwa hiyo leo namwaga yangu yote, wenye yao waongeze.

Nilikwenda muhula wa baridi wa 2023/24, Oktoba hadi Machi, nikiwa mwaka wa tatu hapa Dar. Bayreuth ni mji mdogo wa Ujerumani, upande wa kaskazini wa jimbo la Bavaria, una watu elfu sabini na kitu. Yaani ukiwajaza Uwanja wa Mkapa, wanabaki elfu kumi na ushee wanasukumana getini. Dunia inaujua kwa opera za Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani. Sisi tunaujua kwa sababu chuo chake, kilichofunguliwa 1975, kimejikita sana kwenye masomo ya Afrika, na Kiswahili kinafundishwa pale. Usishangae ukisikia nyuma yako Mzungu anasema "samahani, naomba kupita", kwa ngeli zilizonyooka kuliko zako.

Kosa la kwanza: nilifika Jumamosi jioni. Dar, Addis, Frankfurt, halafu treni mbili. Treni za mikoani kule huwa zinakatwa njiani, mabehewa ya mbele yanakwenda huku na ya nyuma yanakwenda kule, na tangazo linatolewa kwa Kijerumani. Mimi nilikuwa kwenye ya kule. Nikashuka, nikageuza, nikafika usiku. Bavaria maduka yanafungwa saa mbili usiku, na Jumapili hayafunguliwi kabisa. Sizungumzii duka moja wala mawili, ni mji mzima. Chumba cha hosteli kina kitanda na godoro, lakini hakina shuka, blanketi wala mto. Usiku wa kwanza nilijifunika kanzu ya harusi ya kaka yangu, na Jumapili yote nikaishi kwa biskuti za kwenye ndege na maji ya bomba. (Maji ya bomba ni salama. Nilichemsha wiki nzima, wenzangu wa jikoni wakaniacha tu.)

Kosa la pili ni sanduku la barua. Sisi tumezoea S.L.P. ya shule au ya ofisi ya mjomba. Kule kila mlango una sanduku, na posta anatazama jina lililobandikwa, si namba ya chumba. Kama jina lako halipo, barua inarudi ilikotoka. Na mambo yote yanakuja kwa barua: kadi ya benki, namba ya siri (barua nyingine, siku nyingine), bima, namba ya kodi. Mimi sikubandika jina. Kadi yangu ilirudishwa, nikasubiri wiki tatu nikila hela taslimu niliyobeba. Na posho ya kwanza nayo ilichelewa, kwa hiyo msitoke Dar mkitegemea posho itawapokea uwanja wa ndege. Beba ya mwezi mzima.

Na hutapata karatasi yoyote mpaka ujiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Wanaita "Anmeldung". Unahitaji pasi yako na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake. Fikiria ni barua ya mjumbe wa nyumba kumi, ila mjumbe huyu ana kompyuta na hakuombi ya soda.

Nitarudi na mwendelezo, napika.

Sina Haraka

Nimeweka kambi. Kanzu ya harusi 😂😂

Mama Lishe Mwenye Digrii

Asante mwanangu kwa kuandika. Mwanangu wa pili anaomba nafasi kama hiyo. Hebu niambie, mlikuwa mnakula nini? Na hiyo posho inatosha au ni ya kuandikia nyumbani tu?

Kijana wa Changanyikeni

Shikamoo mama. Posho yangu ilikuwa yuro 850 kwa mwezi. Chumba 270, bima ya afya zaidi ya mia, chakula kama 200 ukipika mwenyewe. Inatosha, ila haitoshi kujenga. Kuna wenzangu walikuja na ndoto ya kurudi na kiwanja Goba, hao ndio waliokula makaroni matupu miezi sita.

Kuna pia ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, uwe na redio usiwe nayo. Barua ile ikija usiitupe ukidhani ni tangazo. Na chupa za plastiki za maji na soda zina amana ya senti 25, unazirudisha kwenye mashine dukani inakupa risiti. Nilipogundua hilo nilikuwa nimeshatupa kama arobaini. Hadi leo roho inauma.

Chakula: ugali unapatikana. Duka la kawaida wanauza unga wa mahindi wa njano, wenye chenga, ukiusonga unatoka kama ugali wa dona uliokasirika. Duka la Mturuki ndilo linalookoa maisha. Bamia, dengu, mchele wa magunia, nyama ya mbuzi ukiagiza. Mchana tulikula mkahawa wa chuo, chakula cha mwanafunzi ni yuro chache tu.

Sasa saa. Hili nataka nilieleze vizuri maana ndilo lililonivuruga kuliko yote.

Wiki ya pili kikundi chetu cha semina kilipanga kukutana, binti mmoja akaniambia "halb vier". Halb ni nusu, vier ni nne. Kichwani nikajua si nne yetu ya asubuhi, nikajiona mjanja: nne ya Kizungu ni saa kumi, na nusu, basi saa kumi na nusu jioni. Nikaenda nimependeza. Nikakuta wanakunja kompyuta. Kumbe Mjerumani akisema "nusu nne" anamaanisha nusu ya kuelekea nne. Yaani saa tisa na nusu! Nilichelewa saa nzima huku nikiwa nimewahi dakika tano.

Halafu kuna ratiba ya chuo. Ikiandikwa saa 10 na pembeni "c.t.", kipindi kinaanza dakika kumi na tano baadaye, saa nne na robo kwetu. Ikiandikwa "s.t." ni saa hiyo hiyo, na mlango unafungwa usoni pako.

Na jua lenyewe. Saa yetu imejengwa juu ya jua, saa moja asubuhi ni jua limeshatoka, saa kumi na mbili jioni linazama. Desemba pale jua lilikuwa linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na robo. Saa kumi na robo, wakuu! Wakati nyumbani watu ndio wanatoka kumwagilia bustani. Unatoka maktaba unaona giza, tumbo linakwambia ni chakula cha usiku, unakula, unalala, unaamka saa nne usiku macho makavu. Mwili wangu ulikaa kwenye saa ya Changanyikeni mpaka Januari.

Mwanakwetu 88

Mkuu wewe ulichelewa saa moja tu. Mimi Hamburg niliambiwa hiyo hiyo halb vier nikaenda saa nne na nusu ASUBUHI. Nikakaa kwenye ngazi nikiwalaumu Wajerumani kwamba sifa zao za kuwahi ni uongo.

Mkimbiaji wa Eldoret

Hii thread imenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa Uppsala, Sweden, semester moja. Huko shida si saa, ni mashine ya kufua. Mnabook slot ya kufulia, na hiyo slot ni takatifu. Nilimaliza late dakika ishirini, nikapata nguo zangu zimetolewa zikiwa maji, juu yake kikaratasi kimeandikwa kwa adabu sana. Ile adabu iliniuma kuliko matusi.

Kitu kingine, Sweden ukiwa wa semester moja hupewi ile namba yao ya utambulisho, inataka ukae mwaka au zaidi. So mambo mengi yanayotaka hiyo namba, unatazama tu. Lakini masomo yalikuwa poa: unafanya kozi moja wiki kama tano, unafanya mtihani, unaanza nyingine. Hakuna kubeba kozi sita kichwani kama gunia.

Dereva wa Mbezi

Nasoma tu hapa nacheka. Mmepelekwa kusoma au kulia baridi? Ushauri wangu kwa wanaokwenda: achaneni na Waswahili wenzenu huko. Mkifika mnajikusanya chumba kimoja mnapika pilau na kusengenya, mnarudi hamjui hata salamu. Kaa na wenyeji uone mtu anavyofanikiwa.

Binti Mngoni

Kaka Dereva, umewahi kukaa huko au unaongea ukiwa foleni ya Kimara?

Mimi nilikaa Leipzig mwaka mzima. Nilianza na falsafa yako hiyo hiyo. Sikutafuta Mtanzania hata mmoja, nikasema nimekuja kuchanganyika. Oktoba na Novemba nilijiona nimeweza. Ikaja Desemba. Tarehe 23 hosteli ilikuwa imejaa, tarehe 24 asubuhi nikaamka hakuna mtu. Ghorofa nzima. Kila mmoja amekwenda kwao, na wale waliokuwa wananiambia "tutaonana" walimaanisha Januari. Maduka yanafungwa mchana wa tarehe 24, tarehe 25 na 26 ni sikukuu zote mbili. Siku tatu sikutoa sauti mdomoni isipokuwa kwenye simu.

Nilikuwa nampigia mama kila siku, saa mbili, saa tatu, sina hata cha kusema, nataka tu nisikie kuku wake. Mpaka siku moja akaniambia, "Mwanangu, nakupenda, lakini mimi nina maandazi ya kukaanga alfajiri." Nikakata simu nikalia, halafu nikacheka, halafu nikajua sina budi kufanya kitu.

Januari nilikwenda kwa washauri wa wanafunzi pale chuoni. Sikwenda kwa daktari wa vichaa kama tunavyowaza sisi. Unakaa, unaongea kwa Kiingereza, hakuna malipo. Yule mama aliniuliza swali moja: "Kwa wiki unaonana na nani kwa saa maalumu?" Nikakosa jina. Akanipa kalamu niandike ratiba ya watu kama ninavyoandika ratiba ya vipindi. Niliona ni ujinga. Nilijiunga na kwaya, Jumanne jioni, sauti ya pili. Ndiyo iliyonitoa.

Dereva wa Mbezi

Pole dada yangu. Sikuwa na nia mbaya. Ila hoja yangu ya pilau iko palepale.

Kijana wa Changanyikeni

Dada Binti Mngoni, umesema lile nililokuwa nalizunguka.

Mkuu Dereva, nakujibu kwa chapati badala ya pilau.

Sisi tumelelewa kwenye kupitiwa. Mtu anapita tu, "hodi, nilikuwa maeneo haya", anakuta chai, anakaa. Hata pale Mlimani, rafiki humwiti, unamkuta kitandani kwako anasoma desa lako. Mimi nilifika Bayreuth nikaacha mlango wangu wazi. Wiki mbili mlango wazi, hakuna aliyeingia, ila mmoja alikuja kuniambia joto linatoka.

Kule watu wanaonana kwa miadi. Neno lao ni "Termin", nadhani ndilo la kwanza kujifunza kabla hata ya asante. Benki ni termin, kunyoa ni termin, na urafiki ni termin. Nilimwambia jamaa wa chumba cha pili, Mbavaria, "siku moja twende tukatembee". Akatoa simu, akasogeza kalenda, akaniambia Jumapili ya tarehe kumi na tisa. Ilikuwa tarehe ishirini na nane ya mwezi uliotangulia! Nikajua nimekataliwa kwa ustaarabu. Nikasahau. Tarehe kumi na tisa asubuhi, mlango unagongwa, jamaa amevaa viatu vya mlima, amebeba mikate ya watu wawili.

Nilikaa nikawaza ni mara ngapi nimewaambia watu Dar "karibu nyumbani siku moja", na wote tunajua hiyo siku haipo kwenye wiki.

Basi nikabadilika. Nikabandika karatasi kwenye friji ya jikoni: Jumatano, saa moja jioni, chapati na maharage, jikoni, wote karibuni. Saa moja kamili, nasema kamili, wamejipanga watu sita, na mimi ndio kwanza nasukuma ya kwanza. Nilipanga saa moja nikijua watakuja saa mbili! Ikabidi niwape kazi. Mkorea akawa anakata vitunguu, binti wa Iran akashika mchi, akaniambia kwao wana mkate unaofanana. Yule Mbavaria alileta bia yake mwenyewe na mwisho akaweka yuro mbili mezani. Nilikasirika kidogo, nikamwambia kwetu mgeni halipi. Akasema, "Mimi si mgeni, ninakaa hapa." Sikuwa na jibu.

Jumatano iliyofuata Mkorea akabandika karatasi yake. Tulikwenda hivyo hadi Februari. Kijerumani changu chote nilichonacho ni cha jikoni pale, ndiyo maana hadi leo naweza kuomba sufuria vizuri kuliko kuomba kazi.

Mwana wa Wete

Assalaam aleikum. Nami nieleze upande wetu, maana naona watu hawagusi. Nlisoma huko huko Ujerumani, mji mwengine. Halali si taabu, kwa Waturuki utapata nyama na hata kuku. Sala za mchana ndo mtihani wakati wa baridi: Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zote zimebanana ndani ya saa nne, ukiingia kipindi kirefu ushaikosa moja. Nliangalia ratiba ya swala kabla ya kuchagua masomo. Muhula wa kiangazi ni kinyume, Juni jua latua baada ya saa tatu usiku, na isha yaingia karibu na saa sita. Ramadhani ya 2024 ilianza Machi, mwanzoni tukafutari saa kumi na mbili na kidogo, kama Pemba tu. Nlimshukuru Mungu.

Mzee wa Bagamoyo

Wajukuu, someni historia kidogo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa huku kwetu, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alifia huko huko 1927. Hakuwa na simu ya kumpigia mama yake. Endeleeni.

Sina Haraka

Mzee kafunga mjadala.

Chausiku wa Pili

Hajafunga mzee wangu, mimi nina maswali. Naondoka mwisho wa Machi kwa muhula wa kiangazi. (1) Matokeo yanahesabiwa nyumbani? (2) Mitihani ikoje? (3) Nibebe nini cha kula?

Kijana wa Changanyikeni

Hongera mdogo wangu, usitusahau 😂

(1) Yanahesabiwa kama mkataba wako wa masomo umesainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako, chuo cha kule. Muhula kamili ni pointi 30 za masomo, kwa mfumo wa Ulaya. Ukifika utakuta kozi mbili ulizochagua hazipo muhula huo, ni kawaida. Badilisha na usainishe upya mapema, usingoje kurudi. Kuna mwenzangu alingoja, akarudia masomo ya muhula mzima.

(2) Mtihani unajisajili kwenye mfumo, kuna tarehe ya mwisho. Usipojisajili hufanyi, hata kama hukukosa kipindi. Kozi nyingine hazina mtihani, unaandika makala ya kurasa kumi na tano wakati wa likizo. Mwisho wa kipindi wanafunzi wanagonga meza kwa ngumi, usiogope, ndiyo makofi yao.

Alama ni kinyume. 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo kufaulu kwa shida, 5.0 umefeli. Nilimpigia mzee wangu kwa furaha, "Baba, nimepata 1.3!" Kimya. Halafu, "Pole mwanangu, si mwisho wa maisha, utarudi utaendelea na shamba." Ana kichwani GPA yetu, ambayo juu kabisa ni tano. Nikahangaika kumweleza, mwishoni nikamwambia, baba, ni kama divisheni wani ya fomu foo, ndogo ndiyo kubwa. Akapiga simu kwa ukoo mzima.

(3) Nyama ya aina yoyote usibebe, wala samli, jibini au maziwa, forodha ya Ulaya inachukua. Samaki inaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wakavu wa Mwanza wapite, ila wafunge mara tatu, kwa heshima ya abiria wenzako. Asali hadi kilo mbili. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama nanasi, nazi, ndizi na tende. Embe hapana. Nazi mbili ndizo nilizobeba mimi, na mbuzi ya kukunia, ambayo mtu wa mionzi Frankfurt aliitazama muda mrefu sana.

Na tafadhali, usifike Jumamosi.

Mama Lishe Mwenye Digrii

Iliki na mdalasini je?

Kijana wa Changanyikeni

Vikavu havina shida mama. Mimi sikukaguliwa hata pakiti moja.

Chausiku wa Pili

Wakuu, mrejesho. Nimefika.

Tiketi ya bei nafuu ilikuwa ya Ijumaa usiku, hivyo ndiyo, nimefika Jumamosi, na treni ilichelewa. Nimeshuka stesheni saa mbili kasoro dakika kumi na mbili, sikutafuta hosteli, nimekimbilia duka la karibu na begi la kilo ishirini na tatu. Nimepata mkate, mayai, vitunguu na chumvi. Mlinzi alikuwa ameshashika mlango.

Shuka nilibeba. Jina limebandikwa kwenye sanduku la barua, kwa selotepu, pande zote nne. Jikoni kuna kijana ameniambia anaitwa nani nimesahau, akaniuliza wiki ijayo Alhamisi nina nafasi saa kumi na mbili na nusu. Nimemwambia aniandikie kwa tarakimu.